Wanga wa bibi na maji yasiyomtii Newton

Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani

Ndugu msikilizaji,

Juma hili sina neno juu ya bei ya sukari, wala foleni ya magari, wala mikutano ya wakubwa. Yote hayo yapo, na yatatungoja. Leo naomba uniazime watoto. Kama wapo nyumbani, waite wasogee karibu na redio. Na wewe mzazi usiondoke, maana mwishoni nina neno lako pia.

Haya watoto, hamjambo? Leo tutafanya sayansi. Hatuhitaji maabara wala makoti meupe. Tunahitaji bakuli, kijiko, maji na wanga. Sikilizeni vizuri hapo: nimesema wanga, sikusema unga. Unga wa sembe hautafaa, na wa ngano hautafaa. Nautaka ule wanga mweupe wa mahindi unaouzwa kwenye pakiti, mlaini kama poda, ambao mama huutia katika supu ili iwe nzito. Ukiubana kwa vidole unalia kidogo, kwi kwi. Wanga wa muhogo nao unafaa, ule unaokamuliwa kwenye muhogo mbichi na kuachwa utuame.

Ombeni ruhusa kwanza, maana wanga hununuliwa kwa fedha. Kisha pimeni kwa kikombe kidogo cha kahawa: vikombe viwili vya wanga, kikombe kimoja cha maji. Tieni maji kidogo kidogo huku mkikoroga, na wala msiharakishe. Mkiona mchanganyiko umekuwa kama maziwa mazito, acheni hapo.

Sasa chovya kidole polepole. Kimezama, sivyo? Kitoe, kunja ngumi, upige ule uji kwa nguvu. Ulitazamia nini? Ulitazamia urukie ukuta, nguo na uso wa dada yako. Haukuruka hata tone. Ngumi imegonga kitu kigumu na ikasimama juu yake. Chota kiasi, ufinyange upesi upesi kama unavyofinyanga tonge la ugali. Umepata donge. Sasa acha kufinyanga, fungua kiganja, utazame. Donge linalegea, linayeyuka, linachuruzika kati ya vidole na kurudi bakulini kana kwamba halikuwahi kuwa donge.

Mjukuu wangu alifanya hivyo Jumapili iliyopita, akanitazama, akaniuliza: "Babu, huu wanga unajuaje kwamba nina haraka?"

Ndugu msikilizaji, swali hilo lilinirudisha nyuma miaka mingi, na nitawaeleza kwa nini.

Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu wetu aliandika ubaoni kwamba vitu vina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Yabisi ni kigumu, kina umbo lake. Kimiminika hutiririka na kushika umbo la chombo. Gesi husambaa. Akatutaka tutoe mifano. Mmoja akasema jiwe, mwingine akasema maji, wa tatu akasema hewa. Nami nikanyosha mkono, nikauliza: "Mwalimu, na wanga wa bibi je?"

Bibi yangu alikaa Pangani. Alikuwa akikwaruza muhogo mbichi kwenye kipande cha bati alichokitoboa matundu kwa msumari, kisha akiuchanganya na maji na kuukamua kwa kitambaa ndani ya beseni. Maji yale meupe aliyaacha yatuame mpaka asubuhi, akayamwaga taratibu, na chini ya beseni ukabaki wanga. Alikuwa akiupika na kutilia kanzu za babu ili zisimame vizuri siku ya Ijumaa. Kazi yangu ilikuwa kuukwangua wanga huo. Ukiuchoma kwa kijiko ghafla, kijiko kiligoma kama umechoma sakafu. Ukikisukuma polepole, kiliingia chenyewe. Na kipande ulichokibandua kikiwa kigumu kilikugeukia mkononi kikawa maziwa. Ndicho kilichonifanya niulize.

Mwalimu akanijibu: "Kaa chini. Hapa tunasoma sayansi, hatusomi mapishi." Darasa zima likacheka. Nikakaa. Na nilikaa muda mrefu, maana sikuuliza tena swali la sayansi mpaka nilipomaliza shule.

Simlaumu sana. Labda alikuwa na watoto sabini na kitabu kimoja. Lakini leo, baada ya miaka yote hiyo, naomba nilijibu swali lile na la mjukuu wangu kwa pamoja.

Tuanze na mzee mmoja wa Uingereza, Isaac Newton, yule anayejulikana kwa habari za tunda na mvutano wa dunia. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687, Newton aligusia pia jinsi vimiminika vinavyotiririka. Fikirini maji kama karatasi nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Maji yakitembea, karatasi hizo huteleza, na kila moja humkwaruza jirani yake. Ukwaruzo huo ndio unaokifanya kimiminika kiwe kizito au chepesi. Wataalamu huuita mnato. Sisi jikoni tunasema tu uji mzito, uji mwepesi. Newton alisema kwamba upinzani huo huongezeka sambamba na mwendo. Ukiteleza mara mbili kwa kasi, upinzani nao mara mbili. Haupungui, haupitilizi.

Maji yanamtii Newton. Mafuta ya kupikia yanamtii. Asali pia kwa kiasi kikubwa inamtii: asubuhi ya baridi inashuka kwa uvivu, ukiipasha moto inateremka upesi, lakini haibadiliki uzito kwa sababu wewe umekoroga kwa hasira. Vimiminika vya namna hii hubadilika mnato kwa joto na kwa mgandamizo, havibadiliki kwa haraka ya mkorogaji.

Wanga wa bibi haumtii. Wenyewe huangalia jinsi unavyotendewa. Na hauko peke yake, kama tutakavyoona. Wataalamu wana jina la ukoo mzima wa vitu hivi: vimiminika visivyomfuata Newton.

Sasa, unajuaje kwamba una haraka? Jibu, mjukuu wangu, ni kwamba haujui kitu. Hauna macho wala akili. Una punje tu.

Wanga hauyeyuki katika maji baridi kama chumvi au sukari. Unabaki punje punje, ndogo mno hata jicho halizioni, zikielea zimebanana, na kati ya punje na punje pana maji kidogo sana. Maji hayo ndiyo yanayozilainishia njia. Hebu fikirini abiria wanaoshuka kwenye pantoni pale Kigamboni. Wakitembea taratibu, kila mtu anampisha mwenzake, na umati mzima unapita. Sasa mtu mmoja nyuma apige ukelele, wote wasukume mara moja. Nini kinatokea? Bega linashika bega, begi linanasa kwenye begi, na mlango ule ule uliokuwa ukipitisha watu mia sasa haupitishi hata mmoja. Watu ni wale wale, mlango ni ule ule. Kilichobadilika ni haraka.

Ndivyo ilivyo bakulini. Ukichovya kidole polepole, punje zinapata nafasi ya kupishana na maji yanabaki kati yao. Ukipiga ngumi, punje zinasukumwa ghafla, utando ule wa maji unaminywa ukaondoka, punje zinagusana zenyewe kwa zenyewe, zinakwaruzana, zinakwama. Kwa nukta hiyo moja umepiga ukuta. Ukiacha kusukuma, maji yanarudi kati ya punje, nao wanachurupuka, uji unakuwa uji.

Mwaka 2012, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani, Scott Waitukaitis na Heinrich Jaeger, waliandika habari hii katika jarida la sayansi liitwalo Nature. Walidondosha chuma juu ya mchanganyiko wa wanga na maji, wakaupiga picha za kasi kubwa na za eksirei. Wakaona kwamba chini ya chuma kile, punje zilifungamana zikafanya kama nguzo, na nguzo hiyo ikaendelea kukua kwenda chini kadiri chuma kilivyosukuma. Ndiyo maana mtu anaweza kukimbia juu ya bwawa lililojazwa wanga na maji asizame. Akisimama apumzike, anaanza kuzama. Kwa hiyo maneno ya wahenga kwamba haraka haraka haina baraka, hapa yametiwa kwenye mizani ya maabara. Mtu mwenye haraka ya kuingiza kijiko ndiye kijiko chake kinachogoma.

Lakini watoto, msije mkadhani kila kimiminika cha ukoo huu kina tabia hiyo. Ukoo una ndugu wanaogombana. Wapo wanaofanya kinyume kabisa.

Chukua chupa ya tomato sosi. Umeipindua juu ya chipsi, haitoki. Umengoja, haitoki. Unaitikisa, unaipiga kitako, mara inamwagika yote na chipsi zinazama. Sosi ni nzito inapokaa, na inakuwa nyepesi inaposukumwa. Rangi ya ukutani ni hivyo hivyo. Chini ya brashi inateleza, fundi akiinua mkono inatulia, haichuruziki ukutani. Dawa ya meno nayo imesimama juu ya mswaki kama askari wa gwaride, lakini ukiminya kidogo inatoka. Hivi ni vitu ambavyo hutulia mpaka visukumwe kiasi fulani, na vikishavuka kiasi hicho hutiririka.

Na kipo kimoja ambacho kila mmoja wetu anacho, hata asiye na bakuli wala kijiko. Ni damu. Damu ikienda polepole, chembe zake nyekundu hushikamana moja juu ya nyingine kama sarafu zilizopangwa dukani, na damu inakuwa nzito. Moyo ukiisukuma kwa kasi, sarafu zile zinaachana, chembe zinajinyoosha na kufuata mkondo, damu inakuwa nyepesi. Chembe nzima ni laini, hujikunja hata ikapenya katika mshipa mwembamba kuliko upana wake. Ndipo tunapouelewa ugonjwa wa selimundu, ambao jamaa zetu wengi wanao. Katika ugonjwa huo chembe huwa ngumu na kupinda kama mundu. Haziwezi kujikunja, zinanasa njiani, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Kumbe swali la uji mzito na uji mwepesi linafika mpaka wodini.

Tena linafika mpaka mlimani. Hapa naomba tunyamaze kidogo, maana si jambo la mchezo.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikateremka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wengi tuliona picha za nyumba zilizojaa tope mpaka madirishani, na tukajiuliza: udongo uliokaa pale miaka yote, ukiota miti, uliwezaje kukimbia kama maji?

Jibu ni ndugu wa lile la bakulini, ila limegeuzwa. Udongo wa mteremko husimama kwa sababu punje zake zinagusana na kushikana. Mvua ikizidi, maji hujaa katika nafasi zilizo kati ya punje, yanazisukuma ziachane. Zikiachana, mshiko umekwisha. Kilichokuwa ardhi kinakuwa uji, na uji wenye mawe ndani yake una nguvu ambayo mto wa maji matupu hauna. Kikifika bondeni na kupungua mwendo, punje zinashikana tena, tope linaganda pale lilipo, na jembe linahitajika ili kulichimba.

Mkilishika hili watoto, mmeishika somo yote: punje zikishikana, una kitu kigumu; zikipishana, una uji. Wanga ukiupiga, punje zinashikana. Udongo ulioshiba maji ukiutikisa, punje zinaachana. Sisemi kwamba mtoto akicheza na wanga atauzuia mlima. Nasema kwamba mtoto aliyeuelewa wanga hatadhani kwamba mteremko ni imara leo kwa kuwa ulikuwa imara jana. Akiona nyufa mpya juu ya nyumba baada ya mvua za siku nyingi, atamwambia baba yake tuondoke.

Na ninyi mnaokaa pwani, mnaoshuka kwenye mikoko maji yakitoka ili kutafuta kaa, nina neno lenu. Mguu ukizama katika tope au katika mchanga uliojaa maji, kila mtu hutaka kuuchomoa kwa nguvu. Hapo ndipo tope linapokaza. Mwaka 2005, Daniel Bonn na wenzake wa Amsterdam, Uholanzi, walichunguza mchanga wa aina hiyo. Waligundua kwamba mtu hawezi kumezwa mzima mzima kama katika sinema. Mchanga ule una uzito kama mara mbili ya mwili wa binadamu kwa ujazo ule ule, kwa hiyo mtu huzama mpaka kama kiunoni, kisha huelea. Lakini kuutoa mguu kwa mwendo wa sentimita moja tu kwa nukta kunahitaji nguvu kama ya kuinua gari. Hatari iliyopo ni kunaswa pale mpaka maji ya bahari yakajaa. Kwa hiyo usivute. Piga kelele uitwe msaada, jilaze nyuma kidogo ili uzito wako usambae, na uchezeshe mguu taratibu ili maji yaingie pembeni yake na kulegeza mchanga. Hapo polepole ndio mwendo kwa maana yenyewe.

Sasa narudi kwako, mzazi, kama nilivyoahidi.

Mwaka 1963, kijana mmoja wa shule ya sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi katika jokofu ilikuwa inagombaniwa, naye akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Aliporudi, ya kwake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyetia yasiyochemshwa yalikuwa bado. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na swali lake likafanywa mzaha. Lakini siku moja alifika Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na Mpemba akanyosha mkono mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi maabara, akajaribu, na mwaka 1969 wakaandika pamoja makala ambayo wanasayansi wa dunia wanaibishania mpaka leo. Jambo lenyewe wanaliita kwa jina la Mpemba.

Tofauti kati ya Mpemba na mimi, ndugu msikilizaji, si akili peke yake. Yeye alichekwa akauliza tena. Mimi nilichekwa nikakaa. Na watoto wengi ni kama mimi kuliko walivyo kama Mpemba. Hatuwezi kuijenga sayansi ya nchi kwa kutegemea wale wachache wasioona haya. Lazima tuwatengenezee njia na wenye haya.

Njia hiyo haihitaji bajeti. Mtoto akikuuliza jambo usilolijua, usimwambie "acha maswali yako" wala "kamwulize mwalimu." Mwambie, "Sijui, hebu tujaribu tuone." Maneno hayo hayampunguzii mzazi heshima hata chembe. Nimeyajaribu Jumapili nikiwa na wanga mpaka viwikoni, na mjukuu wangu bado ananiamkia.

Na ninyi walimu wetu, mnaobeba mzigo mkubwa kwa mshahara mdogo: hali tatu za vitu ni mwanzo mzuri, tuzifundishe. Lakini akinyoka mkono nyuma ya darasa na mtoto akauliza kuhusu wanga wa bibi yake, mwacheni aulete kesho kwenye kikopo. Mtakuwa mmepata kipindi kizima cha sayansi kwa bei ya muhogo mmoja.

Mwisho, watoto, usafi. Wanga uliobaki msiumwage kwenye sinki, utatuama bombani na kuziba, na baba atanitafuta mimi. Kama ni safi, mpeni mama aupike na maji mengi, atie kwenye kola za sare zenu. Jumatatu mtakwenda shule mmenyooka, na shingoni mmevaa jaribio lenu la sayansi.

Kwaherini, na tukutane juma lijalo.